Yule Aliyefungula Magharibi

Pikipiki ilikuwa imeshaziacha nyumba za mwisho za Kasongo, na Inspekta Nabintu, aliyeketi nyuma na mkoba wake tumboni, alikuwa bado hajui anakwenda kutafuta nini hasa. Ndani ya mkoba kulikuwa na kisanduku cheupe cha plastiki, chenye kioo kidogo kama cha saa ya mkono na waya wenye ncha ya chuma. Kisanduku hicho kilikuwa kinakaa juu ya friji ya chanjo katika kituo cha afya cha Wamaza. Kazi yake ilikuwa kupima baridi ya ndani na kuiandika. Kikaandika uongo. Kilisema friji inataka kugandisha wakati ilikuwa sawa kabisa; muuguzi akapunguza baridi kama alivyofundishwa; chanjo ya surua ikafa kwa joto ndani ya chupa zake. Watoto waliodungwa pale waliugua surua kama wale wasiodungwa, na wengine wakazikwa.

Mtu mmoja alikuwa amekamatwa. Jina lake Atumani, mwana wa Kasongo, fundi wa redio na wa sahani za umeme wa jua, ambaye ofisi ya afya ilikuwa ikimtuma huko na huko kuvitazama visanduku vile. Alikuwa ndani ya kasho, chumba cha mahabusu cha polisi, akingoja lori la Kindu, na lori lilikuwa linangoja gurudumu. Gurudumu likipatikana, Atumani ataondoka pamoja na dosie yake, faili lenye kesi yote. Kamanda Kitenge, mkuu wake wa kazi, hakumficha Nabintu: dosie ikishafika Kindu ni kama jiwe lililoangushwa mtoni Lualaba.

"Nenda, uangalie, urudi," alimwambia. "Lakini ule mutu alishakiri."

Alikiri, kweli, na Nabintu mwenyewe ndiye aliyemuuliza. Kisanduku huandika joto pamoja na saa, na ilionekana wazi kwamba siku moja, jua linapozama, namba zilianguka ghafla, na tangu hapo hazikusema kweli tena. Siku hiyohiyo Atumani alikuwa Wamaza.

"Jua lilipozama ulikuwa wapi?"

"Wamaza. Nilifungula kwa Mama Soraya."

"Ulifungula?"

"Nilifungula, Mama Inspekta. Magharibi ilipoingia tu, sikukawia. Mumuulize mwenyewe."

Kamanda aliyaandika hayo kwa Kifaransa, maana dosie haisikii lugha nyingine: mshitakiwa amekubali kwamba alikifungua kifaa jioni, nyumbani kwa mwanamke Soraya. Atumani akatia sahihi bila kubisha. Nabintu alipouliza mtu huyu angepata faida gani kuharibu kipima joto, Kamanda alijibu kwamba sababu itapatikana Kindu.

Kulikuwa na jambo dogo lililokataa kukaa sawa. Kila asubuhi yule fundi alikuwa akigonga chuma cha kasho na kuuliza kama Mama Soraya ameshaitwa. Nabintu alikuwa amefanya kazi hii tangu Bukavu, na hajaona bado mtu anayemngoja kwa hamu namna ile shahidi wa kumfunga.

Njia ilikuwa mbaya, kama ilivyo siku zote baada ya mvua. Mwendeshaji aliitwa Kadogo, na alikuwa mtu mkubwa kama kabati. Alisema jina alipewa na mama yake siku ya kuzaliwa, na mama hakuona sababu ya kulibadilisha. Kila mahali pa matope alimwomba abiria ashuke, yeye apite na pikipiki, kisha amngoje upande wa pili akitabasamu. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wanakwenda Salamabila na beleshi zao mabegani waliwapita kwa miguu, kisha wakapitwa, kisha wakapita tena. Mmoja akamwambia Kadogo auze ile pikipiki anunue mbuzi, mbuzi anajua kuogelea.

Akiwa anatembea kwenye matope hayo Nabintu aliyarudia maneno ya Jeanine. Jeanine alikuwa injinia wa ofisi ya afya, mwanamke asiyependa kurudia jambo mara mbili. Alikuwa amechomeka waya kwenye kisanduku, akakisoma kwa kompyuta, na kueleza hivi: kumbukumbu ya mashine hii ni chipu moja, nayo ni kama nyumba ndefu yenye vyumba. Karibu vyumba vyote ni vya kuandika joto la kila siku. Fundi akishanakili yaliyomo, mashine inavifagia yenyewe ili kupata nafasi. Chumba cha mwisho peke yake kina kufuli. Mle kiwanda kiliandika namba ya kusahihisha, kwa sababu kila ncha ya chuma ina uongo wake wa kuzaliwa, na bila ile namba mashine haijui uongo huo ni wa kiasi gani. Chumba hicho hakiandikwi tena wala hakifagiliwi. Sasa kwenye kioo cha kompyuta, mle ndani palionekana herufi moja tu, F na F na F, mstari kwa mstari.

Kamanda Kitenge alikuwa amesimama nyuma yao. Alizishika hizo F mara moja. Aliona ni sahihi ya mshirika wa Atumani, na kabla Jeanine hajamaliza kunywa maji, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Feruzi Fataki, aliitwa polisi akaja na chaki bado mkononi. Aliachiliwa jioni ile. Jeanine alikuwa amechoka kusema kwamba F ndivyo utupu unavyoonekana: chipu ya namna hii ikifutwa, inabaki F tupu.

Nabintu aliweka neno hilo pembeni. Mtu anayetaka kudanganya kwa namba huacha namba nyingine mahali pake. Hapa hapakuwa na namba. Palikuwa pamefagiliwa.

Kwenye kijiji cha Lusangi walisimama kwa sababu Kadogo alijua mlima mdogo wenye mtandao. Simu ililia Nabintu akiwa hajafika hata juu. Alikuwa Jeanine, na sauti yake ilikuja vipande vipande, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Nimeona. Si mutu. Ni piloti njo anafungula kufuli."

"Piloti gani?"

"Piloti wa…" Ikakatika. Haikurudi tena.

Nabintu alishuka mlima na kumuuliza Kadogo kama anamjua piloti wa ile ndege ndogo inayoleta chanjo kwenye uwanja wa Kasongo. Kadogo alimjua vizuri, alishambebea mizigo. Akasema yule bwana hatoki uwanjani hata siku moja. Anakaa kivulini chini ya bawa, anakula karanga, anaangalia mawingu, anaondoka. Wamaza angefikaje?

"Labda alijirusha na parashuti," Kadogo alisema. "Lakini tungesikia. Kule mutu akishuka kutoka juu, hata kuku wanasimulia."

Kwa hiyo Nabintu alikuwa na mtu aliyekiri na hakuonekana kuwa na hatia, na piloti mwenye hatia ambaye hakuweza kufika. Alipanda pikipiki, wakaendelea hadi Kabambare.

Alikwenda Kabambare kwa sababu pale palikuwa na kisanduku ndugu. Kiwanda kilekile, programu ileile, fundi yuleyule Atumani, aliyekishughulikia wiki ileile na kile cha Wamaza. Muuguzi wa pale aliitwa André, mtu mwembamba, mpole, ambaye aliweka kila kitu mahali pake na kukipangusa. Alimpeleka kwenye chumba cha friji. Juu ya friji kisanduku kilikuwepo, na kwenye pembe yake alikuwa amebandika kipande cha plasta ya vidonda.

Nabintu aliuliza plasta ni ya nini. André aliona haya kidogo. Alisema kuna taa nyekundu pale, inapepesa tangu siku Atumani alipokuja kunakili, na wamama wanaoleta watoto walikuwa wanaiogopa. Akaibandua. Taa ikapepesa.

Hapo Nabintu aliona amekamata kitu. Kisanduku kinachopepesa taa ndicho kigonjwa. Labda kilichoharibiwa kwanza ni hiki, cha Wamaza kikafuata. Alimwomba André kipima joto cha kioo, kile cha zamani. Wakakiweka ndani ya friji, wakafunga mlango, wakangoja huku André akieleza kwa urefu namna ya kupangusa mpira wa mlango. Walipokitoa, namba ya kioo na namba ya kisanduku zilikuwa sawa. Wakarudia. Sawa tena. Kisanduku chenye taa nyekundu kilisema kweli, na kile kisichokuwa na taa yoyote ndicho kilichoua watoto.

Nabintu alikaa kwenye benchi la wamama. André akampa chai.

Kabambare mtandao ulikuwa mzuri. Alimpigia Jeanine na, kabla ya jambo lingine, akamwomba amweleze piloti aliingiaje Wamaza. Jeanine akacheka, jambo ambalo Nabintu hakuwahi kulisikia.

Si wa ndege, alisema. Kwa watu wa kompyuta, piloti ni programu ndogo ndani ya mashine, kazi yake kuiendesha ile chipu ya kumbukumbu: yeye ndiye anayeandika, anayesoma, anayefagia. Programu nyingine zote hupita kwake. Jeanine alikuwa ameyasoma maagizo yake mstari kwa mstari, na pale mwanzoni kabisa alikuta amri moja ya ajabu. Mashine ikiamka, piloti huondoa kufuli zote za chipu, chumba hata chumba, ndipo anaanza kazi.

"Hata kufuli ya kile chumba cha mwisho?"

"Hata ile. Haulizi ni ya nani. Aliyemwandika aliona ni rahisi vile, asisumbuliwe na milango."

Halafu fagio lake lilikuwa pana. Chumba cha mwisho cha joto na chumba cha kufuli vinagusana, na fagio likifika mwisho linavuka mpaka. Kufuli ikiwepo, chipu inakataa, na hakuna kinachoharibika. Kufuli isipokuwepo, inatii. Zamani Jeanine alikuwa ameshaona kwamba programu mpya ikiwekwa kufuli inatoka, na bila kujua bado kwa nini, alimpigia Atumani na kumwambia arudishe kufuli kwa mkono kila baada ya kuweka programu mpya. Atumani alifanya hivyo. Imeandikwa ndani ya mashine zote mbili.

Nabintu alimwambia kuhusu taa nyekundu. Jeanine akamtaka abonyeze kitufe na kusoma maneno yaliyo kwenye kioo. Yalikuwa ya Kifaransa: kufuta kumekataliwa.

"Basi hapo kufuli iko," Jeanine alisema polepole. "Ilikataa. Ile taa inalalamika juu ya kazi nzuri."

Fundi yuleyule, fagio lilelile, agizo lilelile la Jeanine la kurudisha kufuli. Kabambare chipu ilikataa, Wamaza ikakubali. Nabintu aliuliza tofauti ni nini. Jeanine alisema ni moja tu inayowezekana. Kisanduku cha Kabambare hakijazimwa tangu kilipowekewa kufuli, na hakina sababu ya kuzimwa, kina betri yake. Cha Wamaza lazima kilizimwa na kuwashwa. Kikiwaka, piloti anaamka, na piloti akiamka, kufuli inatoka.

Hapo Nabintu akajua kinachokuja.

"Mama Inspekta, huku kwetu kuwasha mashini tunasemaje?"

"Kufungula."

"Njo ile. Na yeye mwenyewe anasema magharibi alifungula." Sauti yake haikuwa na furaha yoyote. "Na gurudumu lilishafika. Wako wanalifunga sasa hivi."

Kila kitu kilichokuwa kimekataa kukaa sawa sasa kilikaa, na kilikaa juu ya kichwa cha Atumani. Nabintu alimwomba Jeanine aende kwa Kamanda akamshike kwa maneno yoyote, hata ya uongo, mpaka yeye mwenyewe aongee na Mama Soraya. Akamwita Kadogo.

Wamaza waliingia mchana, jua likiwa kali juu ya mihogo iliyoanikwa. Nyumba ya Mama Soraya haikuwa ya kutafutwa, kila mtu aliionyesha. Alikuwa mjane wa makamo, shangazi wa Atumani kwa upande wa baba, na alikuwa amekaa uani anapepeta mchele. Nabintu alitoa salamu, akajitambulisha, akakalishwa juu ya mkeka. Mama Soraya hakungoja kuulizwa.

"Mumechelewa sana. Nilisema, mbona hawaniiti? Yule mutoto alifungulia hapa. Hapa, juu ya huu mukeka unakaa weye."

"Ulimuona kwa macho yako?"

"Mimi njo nilimupa."

Nabintu alitazama mkeka, kisha ungo. Aliuliza kama kulikuwa na mtu mwingine.

"Wengi. Jirani zangu wawili. Imamu pia alikuwako."

"Imamu aliona anafungula?"

"Imamu mwenyewe alifungula. Yeye njo alianza."

Kadogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. Nabintu alimtazama mjane usoni akitafuta ujanja na hakuuona. Aliona mtu anayemtetea mtoto wa kaka yake kwa nguvu zote, na kila neno lake likimzamisha, sasa pamoja na imamu. Alibakiwa na swali moja la kazi, lile la kila siku, la chombo kilichotumika.

"Mama, alifungula na nini?"

"Na tende," Mama Soraya alisema. "Kisha uji wa mchele. Na samaki kidogo, baada ya kusali."

Ungo ulisimama. Kadogo alianza kucheka kwa tumbo tu, bila sauti, akageuka nje.

"Alikuwa amefunga," Nabintu alisema.

"Sita za Shawali. Ramazani ilikuwa imeisha, yeye akaongeza zile sita, namna baba yake alikuwa anafanya. Weye ulizania alifungula nini?"

Nabintu ni Mkatoliki. Kwao mtu wa Kwaresima akila hasemi amefungula, na hata angejua, Ramadhani ilikuwa imeshapita, nani angefikiri habari za kufunga? Atumani alikuwa ametoa ushahidi wa mahali alipokuwa, ushahidi wenye mashahidi na imamu juu yake, na wao wakauandika kuwa hatia. Aliuliza yaliyobaki kwa utaratibu. Fundi alinakili mchana kituoni, akaja hapa kabla ya jua kuzama, akafuturu, akasali nao, wakakaa kuzungumza mpaka sala ya Isha. Kituo cha afya kiko ng'ambo ya kijito. Hakuondoka kwenye mkeka.

Na ile tende, Mama Soraya aliongeza, aliileta mwenyewe kutoka Kasongo, ngumu kama kokoto.

Lakini kisanduku kilizimwa na kuwashwa. Mtu alikizima. Nabintu alivuka kijito kwa miguu.

Sifa, muuguzi wa Wamaza, alikuwa anafagia ukumbi mtupu. Wamama hawakuwa wanaleta watoto tena. Alikuwa msichana wa Kasongo, amesomea kazi vizuri, na tangu mazishi alikuwa amekonda hata koti lake jeupe lilimpwaya. Nabintu alitoa kisanduku mkobani na kukiweka juu ya meza kati yao. Akamuuliza Atumani alimwachia maagizo gani kuhusu mashine hii.

Sifa alijibu haraka, kama mtu wa darasani. Mara ile ya kuweka programu mpya, fundi alikuwa anaondoka, pikipiki inanguruma, akamwita dirishani. Alimwambia kuna sehemu ya hatari ndani ya mashine, ihakikishwe imefungwa. Kila siku iwe imefungwa. Isiachwe wazi.

"Alisema sehemu, au alisema mashini?"

"Alisema… ile kitu. Alisema ifungwe. Pikipiki ilikuwa inapiga kelele."

"Na weye ulifanya nini?"

"Nilifunga. Kila jioni, kabla ya kuenda nyumbani. Asubuhi nafungula. Hata siku moja sikusahau."

Nabintu alikisogeza kisanduku mbele yake kwa vidole viwili. "Nionyeshe namna ulikuwa unafunga."

Sifa alikishika. Alibonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia. Kioo kilififia, namba zikaondoka, kikawa cheusi. Alikirudisha mezani, akiwa amekigeuza vizuri waya usijikunje.

"Hivi," alisema. "Sasa imefungwa."

Huku Wamaza, kama Kasongo, kama Kabambare, mtu anafunga redio, anafunga simu, anafunga taa. Kila jioni huyu msichana alikuwa amekilaza kisanduku kwa uaminifu, na kila asubuhi alipokiamsha piloti alifungua milango yote. Siku Atumani aliponakili, mashine ilingoja itulie, ikafagia jua linapozama, na mlango wa mwisho ulikuwa wazi tangu asubuhi. Sifa akaja baadaye kidogo na kukifunga.

Sifa alikuwa anamwangalia. "Nilifanya vibaya?"

Nabintu alichukua muda kukirudisha kisanduku mkobani.

"Ulifanya vile ulisikia," alisema.

Mtandao wa Wamaza ulikuwa juu ya kichuguu kimoja nyuma ya shule. Alimpata Kamanda Kitenge, akamweleza kwa ufupi. Kamanda alisikiliza, akasema lori lilishaondoka. Nabintu alimwambia amtume mtu kwa pikipiki. Kamanda akauliza ataandika nini kwenye dosie. Hawezi kuandika kwa Kifaransa kwamba mtu alifungua na tende. Nabintu alimwambia aandike neno la kula, kisha akakata simu. Akashuka kichuguu, akamkuta Kadogo ameketi juu ya pikipiki, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Sasa, Mama Inspekta, nani mwenye kosa?"

Nabintu alimwambia awashe.

Lori lilikutwa kivukoni, kwa sababu pantoni haikuwa na mafuta. Atumani alirudi Kasongo kwenye kibebeo cha baiskeli ya mfanyabiashara wa mawese, na aliachiliwa siku iliyofuata. Hakuna aliyemwomba radhi kwa maandishi. Anatengeneza redio karibu na soko, na ofisi ya afya ikimwita kwa ajili ya visanduku anasema macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo, huku ameshika vitu vidogo zaidi.

Jeanine aliwaandikia waliotengeneza ile programu. Walichukua muda mrefu kujibu, kisha wakatuma piloti mpya, ambaye hagusi kufuli anapoamka, na kabla ya kufagia anapima kwanza kama fagio litavuka mpaka. Visanduku vyote vya Kasongo na Kabambare vilikusanywa na kupimwa upya. Cha Wamaza hakikurudi; kiko kwenye sanduku la ushahidi, chini ya betri mbovu.

André aliibandua plasta kabisa. Taa imezimika.

Kamanda Kitenge alihamishwa Kindu. Mwalimu Feruzi Fataki anaendelea kudai chaki yake.

Mama Soraya alimtumia Nabintu furushi la tende kupitia kwa Kadogo, Ramadhani iliyofuata. Kadogo alikula nusu njiani, akasema ni mvua iliyozila.

Sifa hakushitakiwa. Aliomba mwenyewe kuhamishwa, akapelekwa Salamabila, anadunga watoto wa wachimbaji, na hutembea na kipima joto cha kioo ndani ya mfuko wa koti. Nabintu hakumweleza jambo lote. Atumani ndiye aliyemweleza, alikwenda mpaka Wamaza kwa ajili hiyo kabla msichana hajahama, na yaliyosemwa kati yao hayakusikiwa na mtu.

Chanjo mpya ilifika, wamama wakarudi, si wote.

Watoto waliozikwa hawatajwi popote katika dosie. Hapakuwa na mshitakiwa, na pasipokuwa na mshitakiwa hapaandikwi marehemu. Inspekta Nabintu alitia sahihi ukurasa wa mwisho, na dosie ikafungwa.